Ng'ombe Mwekundu wa Swali la Kumi na Nne

Nchagwa alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, idara ya saikolojia, na kijijini kwao Gorong'a hakuna aliyejua saikolojia ni kitu gani. Mama yake, Robi, aliwaambia majirani kwamba mwanawe anasomea udaktari wa watu wasioumwa. Kusema kweli, maelezo hayo yalikuwa mafupi na safi kuliko yale ya idara yenyewe.

Kati yake na shahada ulibaki utafiti mmoja tu. Rashi ya dhahabu, yaani mbio za watu kukimbilia machimbo mapya, ilikuwa imelipuka kando ya mashamba ya kwao, watu wamemiminika mpaka kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na msimamizi wake, Dokta Kornelio, aliona hapo ndipo pa kupima msongo wa mawazo. Alimkabidhi dodoso la maswali ishirini, lililotungwa ughaibuni na kutafsiriwa na mtu mwenye haraka zake. Swali la tisa lilitaka kujua mchimbaji hujisikiaje akiwa ndani ya lifti. La kumi na nne lilisema: eleza ndoto uliyoota wiki hii.

"Hilo ndilo moyo wa utafiti," Dokta alimwambia. "Ukiniletea swali hilo tupu, mwaka huu huhitimu."

Wachimbaji walikuwa wakarimu. Walieleza ugomvi wa nyumbani, walieleza hofu ya kufukiwa shimoni, hata la lifti walilijibu, ingawa wao hushuka kwa kamba. Lakini kila walipofika swali la kumi na nne, waliomba waulizwe la kumi na tano. Ndoto za mtu anayetafuta dhahabu ni siri yake, kwa maana ndizo zinazomwonyesha pa kuchimba.

"Mura, kijana, ndoto haisemwi kabla ya kuchimba," Waitara, mwenye shimo kubwa kuliko yote, alimwambia. "Ukiisema, dhahabu inahama."

"Ni kwa ajili ya sayansi tu, kaka."

"Hata sayansi ina masikio."

Basi Nchagwa akarudi kwa mama yake na madodoso themanini, yote yana pengo mahali pamoja. Alijifungia chumbani mchana kutwa, akajaza mwenyewe. Aliona aibu, lakini aliendelea kuandika. Ndoto arobaini za kwanza alizitunga kwa jasho, kisha kichwa kikakauka. Madodoso yaliyobaki akayapa ndoto moja iliyomjia tu, akibadilisha mwandiko: ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja anakunywa maji kwenye lile jiwe jeupe lililo mpakani mwa kijiji, mahali ambapo maji hayajawahi kuwapo.

Aliyatuma. Dokta Kornelio akapiga simu bila hata salamu. Watu arobaini, ndoto moja. Alisema lazima afike mwenyewe kuhakiki data. Siku ya tatu alifika, amevaa buti mpya na kubeba sururu. Nchagwa alijiuliza ni data gani inayohakikiwa kwa sururu, ila ripoti yake ya kuhitimu ilikuwa ndani ya begi la Dokta, haijasainiwa, kwa hiyo aliuliza moyoni tu. Akampeleka kwenye jiwe jeupe.

Wachimbaji walipoona dokta wa chuo kikuu anachimba mahali bila kusema sababu, hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Kufikia siku ya pili ya uchimbaji huo walikuwa wamehamia wote, Waitara mbele.

Siku ya nne akaja Robi, anamkokota maksai wake wa plau. Alikuwa na wawili tu, na ndio waliomsomesha Nchagwa.

"Mama, huyo unampeleka wapi?"

"Naingia ubia na Dokta, huyu ndiye mtaji wangu. Waganga siwaamini, unajua. Lakini huyu amesoma."

Nchagwa alishika kamba ya maksai, kisha akaiachia. Mama yake akasogea ukingoni mwa shimo, akaomba kwanza aelezwe hao watu wa madodoso waliota nini, maana ng'ombe wake hatoki bure. Dokta, aliyefundisha usiri wa watafitiwa miaka kumi na miwili, alichomoa dodoso na kulisoma kwa sauti.

Robi alisikiliza mpaka mwisho. "Pembe iliyobaki ni ya kushoto?"

Dokta akapekua. "Ya kushoto. Umejuaje, mama?"

"Hiyo ndoto ni ya huyu mwanangu hapa. Aliiota ana miaka saba, surua imemshika. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, njia nzima analia kwamba ng'ombe anatumalizia maji."

Sururu zote zikatulia. Dokta alikuwa shimoni mpaka kiunoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, na wote wanamtazama. Alitoa ripoti kwenye begi, akatoa na kalamu.

"Nchagwa," alisema kwa upole, "mama yako ni mtu mzima. Kumbukumbu huchanganya, jambo hilo kitaaluma linaeleweka. Sema tu amekosea, nisaini, yaishe."

Aliitaka ile saini kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Akamtazama mama yake. Robi alishika tu kamba ya maksai na kungoja.

"Hajakosea," Nchagwa alisema. "Ndoto zote nimeandika mimi. Hakuna aliyeniambia hata moja."

Dokta akafunika kalamu yake. Alimwambia atarudia mwaka, kwamba taaluma haina nafasi kwa watu wanaocheza na ukweli, na aliyasema yote hayo huku akitafuta pa kukanyaga ili atoke shimoni. Robi akamgeuza maksai kuelekea nyumbani.

"Twende," alimwambia mwanawe. "Utalima mpaka chuo kifunguliwe."

Hawakufika mbali. Waitara aliwafuata, kofia mkononi, na nyuma yake wachimbaji wote.

"Mura, ndoto ya mtoto wa miaka saba haina uongo," alisema. "Na kuchimba tumekwisha kuchimba, kwa hiyo sasa kuisema si mwiko. Huyo ng'ombe, wakati anakunywa, uso wake ulielekea wapi?"

Dokta Kornelio alikuwa amekwisha kutundika begi begani na kushika njia ya kwenda barabarani. Alisimama, akasubiri jibu.