Maziwa Mepesi

Bibi Esteri alinichukia tangu kikombe cha kwanza. Nilikuwa nimemletea mjukuu wake, Claude, maziwa ya dawa tunayoanza nayo kwa watoto waliovimba kwa utapiamlo. Kabla sijasema lolote, akachovya kidole kikombeni, akakiinua, akayatazama maziwa yakichuruzika yote mpaka kidole kikabaki kitupu.

"Umeyazimua, nesi."

"Sijayazimua, bibi. Ndivyo yanavyotakiwa yawe."

"Mm," akasema, na kwa "mm" hiyo nikajua mazungumzo yamekwisha na mimi ni mwongo.

Hiyo ilikuwa mwaka 2013, miezi ya njaa kabla mahindi hayajakomaa, katika kituo cha misheni nje ya mji wa Kibondo nilikopangiwa kazi nikitokea Same. Mama yake Claude alikuwa amejifungua mtoto mwingine huko Kumsenga, kwa hiyo bibi ndiye aliyemleta. Miguu ya mtoto ilikuwa imejaa maji, ukiibonyeza shimo linabaki. Nywele zake zilikuwa nyekundu kama ndevu za hindi, na hakutaka kutazama mtu.

Mtoto wa namna hiyo ukimpa chakula kizito siku za mwanzo, unaweza kumwua. Mwili umezoea kukosa na moyo umelegea, ukiubebesha shibe ghafla unashindwa. Ndiyo maana tunampa maziwa mepesi, kidogo kidogo, mpaka uvimbe uanze kushuka, ndipo tunayakoleza. Nilimweleza bibi haya yote mpaka mate yakanikauka. Alinisikiliza kwa adabu, mikono mapajani.

"Tulipokimbia Burundi tukapokelewa kambini," akasema nilipomaliza, "asubuhi walikuwa wanatupa *igikoma*, uji kwenye mapipa. Mwanzo ulikuwa mzito, kijiko kinasimama. Halafu wapishi wakaanza kutia maji, unga wakawa wanauza sokoni. Na wao walikuwa na maelezo mazuri kama yako, mwanangu. Nikazika watoto wawili."

Nilisema pole, nikahamia kitanda cha jirani. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani, maana wale wapishi sikuwahi kuwaona.

Kesho yake nikamfuma kwenye jiko la wauguzaji, ndugu wanaokaa na wagonjwa, nyuma ya wodi, akikoroga kisufuria. Alikuwa ameyapasha yale maziwa yangu na kuyatia unga aliotoka nao nyumbani, mahindi, karanga na dagaa waliotwangwa pamoja, mpaka yamekuwa mazito kama ugali mlaini. Nilimpokonya kile kisufuria, nikamwaga vyote kwenye majivu mbele ya macho yake. Mimi nina mdomo, kila mtu kituoni anajua, na siku hiyo niliutumia wote.

Alitazama majivu tu, na chakula kilichomwagika ndani yake. Wanawake wengine waliokuwa wanapika wakaacha kukoroga, na nikaona usoni mwao kwamba kesi nimeshindwa. Kwao nilikuwa mtu aliyeogopa wizi wake usijulikane.

Kopo alilotunzia unga huo sikulipata. Nililitafuta chini ya kitanda, kwenye furushi la nguo, hata nyuma ya ndoo. Baadaye nilikuja kujua alikuwa analificha kifuani, chini ya kitenge.

Kituoni kwetu kila asubuhi wauguzi wote hukusanyika barazani kwa sala. Tunaimba wimbo, tunasoma Neno, tunaombea wagonjwa. Wakati huo wodi inabaki na wauguzaji peke yao. Kumbe Bibi Esteri alikuwa akisubiri tuanze kuimba.

Siku moja Claude alicheka. Winifrida, mama wa kitanda cha jirani, ndiye aliyeniita nije nione. Kweli mtoto alikuwa amekaa, anamvuta bibi yake sikio, anacheka. Nilifurahi kama mjinga. Nikasema, unaona bibi, maziwa yanafanya kazi. Naye akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu ambaye hajui kinachoendelea nyumbani kwake.

Asubuhi iliyofuata, niliporudi kutoka kwenye sala, Claude alikuwa anahema mbio, tumbo limejaa, midomo imeanza kuwa ya buluu. Nilipoinama nikasikia harufu ya dagaa kinywani mwake.

"Bibi, umempa nini?"

"Chakula," akasema.

Tulimwita daktari, tukamwekea hewa, tukafanya kila tunachokijua. Moyo ndio ulioshindwa. Kufika mchana alikuwa amekwisha kufariki, na mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, nimeegemea mguu wa kitanda, nalia hadharani kama mtu asiye na kazi ya kufanya.

Bibi Esteri hakulia. Alimfunga Claude mgongoni kwa kitenge, kichwa akakifunika, kama mtoto aliyelala, ili mwenye pikipiki asikatae kuwapakia. Kisha akaja kunishika mkono.

"Sikulaumu, mwanangu. Wewe umeajiriwa tu, waliokupa maziwa mepesi ni wakubwa. Ila wale wawili wangu walikwenda na njaa. Huyu ameondoka ameshiba. Imana, Mungu wetu, anajua."

Ukweli ulikuwa mdomoni kwangu, tayari kabisa. Nikaumeza. Mdomo wangu wote huo, na siku hiyo nikauona hauna faida yoyote. Nilimwambia safari njema.

Nikarudi wodini kumlisha mtoto wa Winifrida, Japhet, naye kavimba vilevile. Mama yake alikuwa amekaa kitandani, na pajani ana kopo. Sikuwahi kuliona, lakini nililijua kwa harufu ya dagaa.

"Ameniachia bibi," akasema.

"Nipe."

Akalishika kwa mikono miwili. "Ukamwuzie nani?"

"Winifrida, nisikilize. Hicho ndicho kilichomwua Claude."

Akageukia dirishani. Bibi Esteri alikuwa bado getini, anasubiri pikipiki, mkono mmoja nyuma anampigapiga Claude matakoni taratibu.

"Mbona yeye hukumwambia?" akauliza Winifrida. "Kama ni kweli, mwite umwambie. Nitakupa kopo."

Nilimtazama Japhet. Alikuwa anakodolea kopo macho, mdomo wazi.

Nikatoka mlangoni, nikaita. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi niite tena.

Bibi Esteri akageuka. Aliponiona akatabasamu, akidhani labda kuna kitu amesahau, akaanza kurudi polepole, akiwa ameinama kidogo ili mtoto aliye mgongoni asimwamshe.