Mkondo wa Me na Ke

Mzee Mvua hakuwa mcheza kamari. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na kila alipolisema neno hilo mkewe alikohoa kidogo. Mcheza kamari, kwa maelezo ya mzee, ni mtu anayebahatisha. Yeye habahatishi. Yeye anafuata mkondo.

Jina la Mvua alipewa kazini. Miaka thelathini na miwili alikuwa karani wa kituo cha hali ya hewa: kila asubuhi saa tatu anachungulia kipimo, anaandika milimita daftarini, anatia saini. Hakuwahi kukosa isipokuwa siku aliyooa, na hata siku hiyo alimtuma mtu amletee namba harusini. Alipostaafu wenzake walimpa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Wiki ya pili alikuwa amekwisha kuanza kuandika jirani anafungua geti lake mara ngapi kwa siku. Mkewe akaona mambo yanakwenda mrama, akamwambia atafute pa kwenda kupoteza mchana. Laiti angejua, angemwacha na geti lake.

Pa kwenda palipatikana, napo palikuwa kasino, ghorofa ya kwanza juu ya duka la viatu. Panafunguliwa mchana, pana kiyoyozi na chai ya bure, na mezani wanakupa kadi na penseli ili uandike matokeo. Hapo ndipo walipompata. Mtu aliyeandika mvua miaka yote ile umpe kadi ya mistari na penseli iliyochongwa, halafu utegemee atainuka aende zake? Mzee akakaa kwenye ruleti, gurudumu la rangi na namba, akaandika nyekundu, nyeusi, nyekundu. Akahamia kwenye bakara, mchezo wa karata wa pande mbili, akaandika Benki, Mchezaji, Benki, Benki. Jioni alirudi nyumbani macho yanang'aa, akatandaza kadi zake juu ya meza ya kulia chakula.

"Tazama, mama watoto," akasema. "Hizi rangi haziji ovyo. Zinakuja kwa mafungu, kama mvua. Nyekundu ikija mara tatu unaipanda, unakwenda nayo mpaka ikatike. Ikikatika unaisubiri nyeusi ishike mkondo wake. Ni dau la nusu kwa nusu, ukishinda unalipwa sawasawa na ulichoweka."

"Na ile ya kijani?" mkewe aliuliza. Aliwahi kuiona kwenye picha.

"Sifuri? Hiyo haiji mara nyingi."

"Ikija?"

"Ikija wanachukua wao. Lakini haiji mara nyingi."

Mkewe alikuwa mkunga katika wodi ya wazazi, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo na subira kubwa, maana ukishakaa na mama mwenye uchungu tangu alfajiri mpaka jioni, mume mwenye penseli si kitu. Kwa miezi mitano alimchukulia vivyo hivyo. Mzee alikwenda Jumatano na Jumamosi na chenji ya nyumbani. Siku nyingine alirudi na mkate, siku nyingine alirudi mikono mitupu akieleza kwamba mkondo ulikatika ghafla. Mkewe alimuuliza kama mkondo huo unakula mkate mkavu au unataka na siagi. Walicheka wote wawili, na mambo yakaenda.

Hadi Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, mzee alipoomba bahasha.

Bahasha hiyo ilikaa kabatini chini ya mashuka. Ndani yake kulikuwa na posho za zamu za miaka miwili, na ilikuwa imebaki siku mbili tu iende dukani ikarudi tangi la maji. Mabomba ya mtaa wao yalitoa maji siku tatu kwa wiki. Siku zilizobaki, mkunga alitoka kazini, akavua viatu, akainamia ndoo. Mgongo wake ulikuwa umekwisha kumwambia kwa lugha zote kwamba umechoka.

"Nipe mpaka jioni tu," mzee alisema. "Nimechora miezi mitano, mke wangu. Nimeuelewa. Nitakurudishia tangi na pampu juu yake. Sitaki nikuone tena ukiinamia ndoo."

Hapo ndipo palipomuuma mkunga. Kama angemwona ana tamaa, angemkemea wamalizane. Lakini mtu huyu alikuwa anamwonea huruma ya kweli, na kwa huruma hiyo alikuwa tayari kumfilisi. Aliogopa, na aliogopa zaidi kwa sababu alimpenda na alijua mtu anayependwa ni vigumu kumkatalia. Akimnyima, mzee angezeeka akiwaeleza majirani kwamba mkondo ulikuwa sahihi, mke ndiye aliyeuzuia. Akimpa, basi tangi lingekwenda juu ya duka la viatu na lisirudi.

Aliingia chumbani. Alirudi na bakuli la maharage makavu chini ya kwapa na daftari kubwa lenye jalada gumu mkononi.

"Hili ni daftari langu la watoto," alisema. "Kila niliyempokea nimemwandika mwenyewe, saa, uzito, na kama ni Me au Ke, kwa kufuatana. Hili ni la tatu, lina watoto mia mbili. Wewe hujawahi kulisoma na mimi nimeshasahau. Nusu kwa nusu, kama rangi zako. Sivyo?"

Mzee alilitazama lile daftari kama mtu aliyeonyeshwa kipimo kipya cha mvua. "Ndivyo," akasema.

"Haya. Nakupa maharage mia. Kabla sijasoma, unaweka. Yakifika mia na hamsini wakati wowote, bahasha ni yako, chukua uende, na neno langu hutalisikia. Yakikwisha, au daftari likiisha hujafika, Jumatatu tunakwenda kununua tangi."

"Mia na hamsini ni karibu sana," alisema mzee kwa huruma. "Utajuta."

Alichomoa kadi mfukoni, akalamba ncha ya penseli, akajiweka sawa kwenye kiti. Hakuwa ameonekana na furaha namna ile tangu astaafu.

Mkunga alianza kusoma. Me. Ke. Ke. Me. Mzee hakuweka kitu, alikuwa anangoja mkondo. Ilipokuja Ke mara tatu aliweka matano kwenye Ke, ikaja Me. Akaandika bila wasiwasi. Mkunga alisoma na kila mstari ulimkumbusha mtu: huyu alitanguliza matako, huyu mama yake aliimba mpaka mwisho, huyu baba yake alizimia mlangoni akashonwa nyuzi nne kabla mtoto hajafungwa kitovu.

"Soma herufi tu," mzee alisema. "Hadithi zinanivuruga."

"Baba huyo huyo alikuwa na mkondo wake. Alikaa kwenye korido tangu asubuhi, akaona wavulana wanne wanatolewa, akasema leo ni siku ya wavulana. Wa kwake akawa msichana."

"Mkondo ulikuwa umechoka. Angeniuliza mimi."

"Mzee wangu, mvua ya leo na ya kesho zinatoka kwenye mawingu mamoja, ndiyo maana zinafanana. Mama wa kitanda cha nne hajui wa kitanda cha tatu amezaa nini. Wala mtoto wa huyu hamjui wa yule."

"Soma, mama watoto."

Watoto arobaini walipopita alikuwa na maharage tisini. Hapo mkunga akafungua ukurasa mpya, na siku moja ya zamani ikaamua kumtia adabu. Me. Me. Me. Mzee akaweka kumi. Me. Akaweka kumi tena. Me. Rundo likaanza kukua. Wa sita Me, wa saba Me, wa nane Me. Mzee sasa alikuwa anapumua kupitia puani na kuyapanga maharage kumikumi kama askari. Yalifika mia na arobaini. Akasukuma kumi mengine mbele.

"Me," akasema.

Mkunga aliangalia mstari. Ulikuwa Me. Mwandiko wake mwenyewe, wino uliofifia kidogo, Me kubwa isiyo na shaka. Mzee alikaa ng'ambo ya meza, asingeweza kuona. Neno moja tu, Ke, na tangi limepona. Alifikiria ndoo, akafikiria mgongo, akafikiria kwamba katika miaka ishirini na tisa hajawahi kumwandika wala kumsoma mtoto yeyote kinyume na alivyokuja.

"Me," akasoma.

Mia na hamsini. Mzee alihesabu mara mbili, akaandika namba hiyo kwenye kadi, akaizungushia duara. Mkunga aliinuka, akaenda kabatini, akainua mashuka. Aliitoa ile bahasha, akarudi nayo. Akaiweka mbele ya mumewe.

"Umeshinda," alisema. "Ni yako. Chukua."

Mzee aliitazama bahasha, akaisogeza kando ili apate nafasi ya maharage, na juu yake akaweka kikombe cha chai. "Sawa, sawa," alisema. "Lakini kaa kwanza. Mkondo haujakatika bado. Soma unaofuata."

Mkunga akakaa, akasoma. Ulikuwa Me, na mzee akapiga meza kwa kiganja. Uliofuata ulikuwa Ke.

Kuanzia hapo watoto wakawa watundu. Walikuja wawili wawili, Ke na Ke, Me na Me, kama waliokula njama kwenye korido. Mzee aliyengoja watatu akangoja mpaka akachoka. Akatangaza kwamba mkondo umefupika, sasa unaonekana kwa wawili. Akaweka kumi baada ya wawili, ukakatika. Akaweka kumi tena, ukakatika. Akaweka ishirini ili arudishe yale kumi na kumi, ukakatika pia, na kila ulipokatika alipata sababu nzuri kuliko iliyopita. Mkunga alijizuia asicheke mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tano hakuwa tena na hamu ya kucheka.

Alipobakiwa na hamsini aliweka thelathini kwenye Ke.

"Pacha," alisoma mkunga. "Ke na Me."

"Pacha?"

"Wa kilo mbili na robo, na mbili kasoro. Hii ndiyo sifuri yako. Haiji mara nyingi." Akayavuta maharage thelathini upande wake.

"Hapana, hapana. Hiyo ni sare. Kwenye bakara ikitoka sare dau linarudi."

"Kwani tunacheza bakara? Si ulisema rangi?"

Mzee aliyatazama maharage yake yakienda. Aliweka ishirini yaliyobaki kwenye Ke, kwa hasira zaidi kuliko kwa hesabu. Ikaja Me, mvulana wa kilo tatu na nusu, na meza upande wake ikabaki tupu.

Kwa jirani mtu alikuwa anakokota kiti sakafuni. Mzee aliomba daftari, na mkewe akampa, kwa sababu alijua angeliomba. Alipita mistari kwa kidole, mmoja mmoja, akilinganisha na kadi yake, kama alivyokuwa akilinganisha namba za vituo vingine miaka ile. Hakuna mstari uliokosea. Kidole chake kilifika kwenye Me ya tisa, akaitazama kadi, akaona ile mia na hamsini aliyoizungushia duara kwa mkono wake.

"Hapa ungeweza kunidanganya," alisema.

"Ningeweza."

"Mbona hukunidanganya?"

"Kwa sababu watoto ni wangu. Sasa na mimi nikuulize." Sauti yake ilikuwa ndogo kama kawaida, lakini utani ulikuwa umetoka. "Nilikuletea bahasha mpaka mkononi. Ungetoka nayo na mimi ningekaa hapa nikilia peke yangu, lakini ungekuwa umeshinda. Nani alikukataza kuinuka?"

Mzee Mvua alikuwa na jibu la kila kitu kuhusu mkondo, unavyoanza, unavyochoka, unavyokatika. Kwa hili aliigeukia kadi. Akaikunja mara mbili, kisha akaikunjua.

"Nilitaka kuona unaofuata," alisema mwishowe.

Mkunga alingoja. Alizoea kungoja.

"Na kule ni hivyo hivyo," mzee akaendelea, bila kumtazama. "Kila siku ninayokwenda kuna saa ninakuwa juu. Kila siku, mama watoto. Imo kwenye kadi zote, nimeziona. Wala sijawahi kuinuka. Siku nilizokuletea mkate ni zile ambazo walifunga meza mapema kwa usafi."

Mkunga alihisi kicheko na machozi vinagombea njia moja, akaviacha vyote vipite. Alinyoosha mkono akamshika kifundo cha mkono, pale mahali anapowashika wagonjwa, na mzee hakuuondoa.

Kisha mzee aliinua kikombe, akaipangusa bahasha kwa mkono wa shati, akamsogezea mkewe.

"Jumatatu tutakwenda wote dukani," alisema. "Ila ubebe wewe. Njia ya kwenda kwenye matangi inapita duka la viatu."