Reli ya Kwenye Mahame ya Minani

Novatus Minani hakuwahi kuona treni kwa macho yake, lakini thubutu umwambie hivyo! Miezi mitatu aliyowashikia wapima reli mnyororo wa kupimia, kabla watu hawajahamishiwa kijiji cha ujamaa, ilimtosha. Tangu hapo, ukungu wa alasiri ukishuka kwenye migomba ya mahame yao, alisimama na jembe begani akaona mabehewa yakipita taratibu, watu wakimpungia mkono madirishani, naye akawapungia. Mwanamume mzima na ndevu zake.

Mahame hayo ndiyo yaliyokuwa nyumbani kwao zamani. Baba yake, mzee Minani, alizikwa pale katikati ya migomba, kama wazee wote wa ukoo. Vigingi vya reli vilipita hatua nne tu kutoka kaburini.

Vita vya Kagera vilipopamba moto kule kaskazini, mama yake, Bernadetha, alishikwa na homa, akalala asiinuke tena. Akamwita mwanawe. Hata padri aliambiwa angoje nje kidogo.

"Unizike kwenye migomba, kwa baba yako."

Novatus akaanza kueleza: wapima walisema makaburi yatafukuliwa, vita vikiisha tu reli inajengwa. Mama akacheka mpaka akakohoa, akasema basi atapanda treni bila nauli.

"Mwanangu, kule kijijini nitalala na nani?"

Alimpenda mama yake, jamani, tusimsingizie. Aliogopa katapila lisije likatawanya mifupa yake. Bernadetha alipofariki, akamzika makaburi ya kijiji, kati ya mzee mmoja mgeni kutoka Nyarubungo na fundi cherehani aliyehamia juzi tu.

Vita vikaisha. Masika yakapita, yakaja mengine. Subira yavuta heri, alisema Novatus, huku mchwa wakila vigingi. Akaendelea kupunga mkono, ila sasa kwenye kila behewa alimtafuta mama yake, asimwone.

Siku moja binti yake, Restituta, alimkuta ameketi chini kando ya kaburi la babu, analia bila kujificha. Akamtania, kama alivyozoea, kwamba leo treni imechelewa.

"Haiji," akasema Novatus. "Niliwaamini wapima reli, wapita njia tu, kuliko mama yangu."

Restituta akapiga magoti kumbembeleza. Akamwambia nafasi pembeni ya babu bado ipo. Siku yake ikifika atalala pale kwa heshima zote.

"Hapana, mwanangu. Mimi mnizike kijijini, kwa mama. Amelala na wageni muda mrefu mno."