Swala wa Bwana Hamduni

Katika mashairi ya bwana wangu Hamduni, mimi ni swala. Shingo ya swala, macho ya swala, mwendo wa swala. Jikoni kwake hapa Basra mimi ni Mishmishi, mmenya vitunguu, mwenye kengeza la jicho la kushoto ambalo halijapata hata ubeti mmoja.

Miaka sita nimeimba sifa za mnyama huyo mbele ya wageni. Kisha tajiri mmoja wa Mosuli akataka kuninunua, na Hamduni akakubali, Ijumaa alipe na anichukue. Nilikwisha kuuzwa mara tatu, na kila mara nilianza upya kujifunza kofi la bwana mpya linatokea upande gani. Ya nne sikuitaka, na niliiogopa.

Alhamisi, baada ya alasiri, akaita wageni wa kuniaga. Kadhi Abu Rafii alikuwapo, kainamia sahani ya nyama ya siki. Hamduni akanipa shairi jipya niliimbe. Nilipofika mstari wa mwisho, nikasimamisha vidole juu ya nyuzi za udi.

"Bwana wangu," nikasema, "huu wa mwisho unanishinda. Usome mwenyewe, wageni waupate kinywani mwako."

Mshairi haombwi mara mbili. Akanielekea, mkono kifuani, machozi yanamlengalenga.

"U huru, ewe swalangu, sasa mtumwa ni mimi."

"Sijaushika vizuri, bwana."

Akaurudia kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani.

Nikaweka udi chini. "Shekhe, mtu akimwambia mjakazi wake kwa mzaha kuwa yu huru, hukumu yake nini?"

"Mambo matatu hayana mzaha," kadhi akajibu huku anatafuna. "Ndoa, talaka, na kumwacha mtumwa huru. Ukishatamka, umetamka." Kisha akaacha kutafuna.

Hamduni akacheka, peke yake. "Jamani, hilo ni shairi tu. Tena nimemwambia swala. Mishmishi sikumtaja."

"Una swala humu ndani?" kadhi akauliza.

"Sina, lakini..."

"Lakini nini? Miaka sita unatulisha huyo swala, mara shingo, mara macho, na kila tukikuuliza ni nani, unatuonyesha huyu. Leo kawa mnyama wa porini?" Akawageukia wageni. "Haya, semeni nyinyi. Swala ni nani?"

Wote wakaninyooshea kidole, hata wale waliokuwa wamesinzia.

Nililia, wala sikujificha. Karani akaitwa, hati ikaandikwa palepale pembeni ya sahani, na Hamduni akatia mhuri kama mtu anayemeza mwiba.

Mgeni mmoja mchokozi akaniita. "Na ile nusu ya pili, dada? Si kasema sasa yeye ndiye mtumwa wako? Mchukue basi."

Nikamtazama Hamduni kwa lile jicho langu la kushoto.

"Wa nini?" nikasema. "Hata kitunguu hajui kumenya."