Kanzu ya Kunasa Vumbi

Mwishehe alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya msumeno, akiziba kwa vipande vya mpira wa tairi kila upenyo ambao unga wa mbao ungeweza kuupitia, pale mkewe Mwanaheri alipokohoa tena ndani ya nyumba. Akangoja. Kikohozi hakikukatika upesi. Akaongeza kipande kingine cha mpira.

Ilikuwa siku ya kumi na nne, na ya mwisho, tangu barua ya manispaa ibandikwe langoni pake. Barua ilisema vumbi lisivuke ukuta wa ua. Afisa atakuja kukagua; likivuka, karakana itafungwa. Karakana yenyewe ilikuwa ua wa nyumba yao ya Temeke, mabati machache juu ya nguzo nne na msumeno mmoja wa meza, lakini ndiyo iliyowalisha kwa miaka ishirini na mitatu. Kuhusu kifua cha Mwanaheri barua haikusema neno. Hilo alilisema daktari: vumbi la mninga litoke nyumbani, ama mama atoke.

Basi Mwishehe aliiga alichowahi kukiona katika mashine ya kusaga nafaka. Kule unga husukumwa na upepo hadi ndani ya pipa, ukazunguka, ukachoka, ukaanguka chini, na upepo ukatokea juu. Alikwenda Tegeta akanunua feni kuukuu ya mashine ya kusaga iliyokwisha kufunga kazi. Mara ya kwanza aliunganisha bomba kutoka kwenye msumeno moja kwa moja hadi kwenye feni, na maranda yakaisakama feni. Mara ya pili akaweka pipa katikati. Pipa likakamata maranda, lakini lile vumbi laini, liingialo kifuani, likaponyoka na upepo. Gunia halikulizuia, wala shuka. Ndipo Mwanaheri alipotoa sandukuni kanzu ya marehemu baba mkwe wake, ya kitambaa kizito, nyuzi zake zimeshikana kama safu ya wanaoswali.

"Hiyo ni ya Idi," Mwishehe alisema.

"Kwa kifua hiki, hiyo Idi mie nitaifika?"

Akaishona shingo na mikono, akalikunja pindo na kulifunga kwenye mdomo wa feni. Naye Mwishehe, ili afisa asidhani kuwa ni mchezo wa kupitisha siku, alimimina jukwaa la saruji, akaikaza feni na pipa juu yake kwa bolti nane.

Afisa aliahidi kufika saa nne. Alifika saa nane. Aliitwa Gibson, kijana mwenye faili kwapani na viatu vilivyong'arishwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ujionee."

Juu ya ukuta alichungulia Tupokigwe, mama lishe wa jirani, upawa mkononi. Yeye ndiye aliyepeleka malalamiko, baada ya wateja wake kukuta vumbi kwenye wali.

Mwishehe akawasha feni, kisha msumeno. Kanzu ikajikusanya, ikainuka polepole, ikatanua mikono, ikasimama wima kifua mbele.

"Ee! Baba Najma, shehe wako kashiba leo! Kala pilau kwa nani?" Tupokigwe alipaza sauti.

Mwanaheri akacheka mlangoni, na kicheko chake kikapita bila kukohoa. Mwishehe alilisikia hilo kuliko alivyousikia msumeno.

Gibson alitandika karatasi nyeupe juu ya ukuta. Mbao mbili zikapasuliwa. Akaipitishia kidole, akakitazama. Kilikuwa safi.

"Mama, si wewe uliyelalamika?"

"Nilikuwaga nalalamika. Sasa wali mweupe, nilalamike nini? Mwache mzee wa watu."

Gibson akauzunguka mtambo. Akaligonga jukwaa kwa ncha ya kiatu.

"Hii umeijengea kabisa?"

"Kabisa. Haitikisiki," Mwishehe alijibu, na kwa fahari ya fundi akamweleza bolti zote nane.

"Mota ngapi jumla?"

"Mbili. Ya msumeno na ya feni."

Gibson akaandika. "Hapo ndipo ishu ilipo, mzee. Kibali chako ni cha seremala, mashine moja. Mtambo uliojengewa chini, mota mbili, hicho ni kiwanda. Na kiwanda hakiruhusiwi kwenye makazi."

"Mwanangu, huu mtambo ndio jibu la barua yenu."

"Barua ilisema uzuie vumbi. Haikusema ujenge."

"Nilizuie kwa viganja?"

"Fundi ni wewe, mzee." Kisha akashusha sauti. "Ila tunaweza kuelewana. Si kila kitu lazima kifike ofisini."

Mwishehe akazima feni. Kanzu ikanywea, ikalala juu ya saruji.

"Aliyeivaa hiyo," alisema, "hakuwahi kuelewana na mtu kwa namna hiyo."

Gibson akafunga faili. Akakata waya wa feni kwa koleo la Mwishehe mwenyewe, akachora X nyekundu juu ya pipa. "Msumeno tumia, una kibali. Vumbi tu lisivuke ukuta."

Fremu tatu za milango zilitakiwa kesho asubuhi. Baada ya swala ya Alasiri, Mwishehe aliusukuma msumeno hadi sebuleni, akafunga madirisha, akashindilia matambara kwenye nyufa.

"Wewe nenda ukakae kwa Tupokigwe," alimwambia mkewe.

"Na ubao, upande wa pili atakushikia nani?"

Alikuwa amekwisha kuifumua kanzu. Kutoka sehemu ya kifua alikata vipande viwili, akavitia kamba. Kimoja akamfunga mumewe mdomoni na puani, kimoja akajifunga mwenyewe. Akashika ncha ya ubao.

"Washa."

Chumba kikajaa hata Mwishehe asimwone tena mkewe. Akawa anajua yupo kwa kukohoa kwake. Nje ya ukuta haikutoka hata chembe.