Pistoni ya Tatu

Mvua ya asubuhi ilipokatika, Fundi Lwakatare alimkabidhi Kokuhirwa nyundo na kipande cha mti wa mkaratusi, akamwambia aitoe pistoni ya tatu katika injini iliyolala chini ya bati nyuma ya gereji. Gereji yenyewe iko Muleba mjini, kando ya barabara ya Bukoba. Pistoni nyingine zilishatoka bila ubishi. Hiyo moja ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda kama kupe, na mfanyabiashara mmoja wa samaki kutoka Bumbire alikuwa akiisubiri injini kwa ajili ya mashine yake ya barafu.

"Usiipige moja kwa moja," fundi alisema. "Weka mti kwanza, ndipo nyundo. Nyundo haina adabu."

Kokuhirwa alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kazi, ingawa umri wa kujifunza ulishampita na watoto wake walikuwa shuleni. Injini hiyo aliijua. Ilikuwa ya pikapu ya baba yake, Pastory, iliyokuwa ikibeba ndizi za Kishanda kwenda Bukoba. Siku moja ilizima katikati ya mlima wa Kishanda, gari likarudi kinyumenyume na kumtupa Pastory bondeni. Msibani, Fundi Lwakatare ndiye aliyesimama mbele ya mchungaji akasema, kwa uchungu mkubwa, kwamba rafiki yake alikuwa amekunywa lubisi, pombe ya ndizi. Hakuna aliyembishia. Yeye ni mzee wa kanisa, tena ndiye aliyekuwa amelitengeneza gari hilo. Basi kwaya haikuimba, maana haimwimbii mlevi. Paskazia, mke wa marehemu, alianzisha wimbo mwenyewe na kuumaliza mwenyewe, na tangu hapo alikuwa na ombi moja tu: kwaya ije isimame kaburini kwa mumewe, hata kwa ubeti mmoja.

Baada ya msiba fundi alimchukua Kokuhirwa amfundishe kazi, bila kudai chochote. Kokuhirwa akamwita baba mdogo, akampenda, akamwombea kila alipopiga magoti. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

Alipopiga mara ya kwanza pistoni haikusogea, ila Fundi Lwakatare, aliyekuwa upande wa pili wa uwanja akijaza tairi upepo, alijishika tumbo. Akapiga tena. Fundi akapiga goti. Mafundi wengine waliendelea na kazi zao, maana walijua kwamba mkubwa wao anaumwa kitovu. Tangu alipokufa Pastory, mche wa kahawa ulikuwa ukimwota hapo, na kila Jumamosi mkewe aliukata kwa mkasi ili kesho yake aweze kufunga vifungo vya shati la kanisani. Mtaalamu mmoja wa kahawa, akipita kutoka Maruku, aliutazama akasema ni robusta, una afya nzuri, hauhitaji mbolea.

"Baba mdogo, nimekuumiza?"

"Piga taratibu tu, mwanangu. Ni gesi."

Kokuhirwa aliiacha pistoni hadi wiki iliyofuata. Mwisho wa juma alikwenda Kishanda kumwona mama yake, akamkuta jikoni akimenya ndizi, akamsimulia jinsi nyundo inavyopigwa huku na maumivu yanavyokwenda kule. Paskazia aliendelea kumenya.

"Kitovuni?"

"Kitovuni, mama. Mche wa kahawa."

"Basi walikula omukago," alisema Paskazia. "Mimi mwenyewe ndiye niliyeshika kisahani. Walijificha nyuma ya nyumba ili mchungaji asijue. Kila mmoja akajichanja kidogo hapo tumboni, wakapasua tunda moja la kahawa, huyu akapaka punje yake damu ya yule, yule akapaka ya huyu, wakameza. Kuanzia hapo wakawa ndugu wa damu. Punje hiyo hailali kwa mtu anayemgeuka mwenzake. Inaota."

"Na ya baba?"

"Niliwauliza waliomwosha. Kitovu chake kilikuwa safi."

Alitumbukiza ndizi kwenye maji, akachukua nyingine. Akamsimulia siku Pastory aliporudi kutoka Bukoba na pistoni mpya, akakaa mlangoni akichora herufi P kwa msumari ndani ya kila moja, kama wenye magari wanavyofanya kabla ya kupeleka vipuri gereji. Si kwamba simwamini Lwakatare, alikuwa amesema, ni hao vijana wake. Kisha akacheka kwa aibu, kwa sababu hata hilo aliliona ni kumkosea ndugu.

"Sasa Lwakatare alimgeuka kwa lipi?" Kokuhirwa aliuliza.

"Hilo ndilo silijui. Nenda kaitoe hiyo pistoni."

Jumatatu Kokuhirwa aliimiminia dizeli iliyochanganywa na oili ya breki, akaiacha inywe. Kesho yake akaipasha silinda moto wa taratibu, akaweka kipande cha mkaratusi, akagonga. Fundi Lwakatare alikuwa amelala kwenye benchi huku ameuma kitambaa. Yeye mwenyewe alikuwa amejaribu kuitoa pistoni hiyo akazirai, ndiyo maana akampa mwanafunzi. Alidhani mwanafunzi ataona chuma tu. Hakujua habari za msumari.

Karibu na mchana ilisogea, kisha ikashuka. Ilitoka ikiwa imezungukwa na mizizi myeupe, yenye joto la mwili, na Kokuhirwa akaikata kwa kisu cha gasketi. Hapo fundi alishusha pumzi. Mche wa kitovuni ukachanua papo hapo, na harufu ya maua ya kahawa ikajaa gereji mpaka ikaizidi ya dizeli.

"Tumbo limetulia," fundi alisema. "Asante, mwanangu. Umeshakuwa fundi."

Kokuhirwa aliifuta pistoni kwa kitambaa. Ndani hapakuwa na P. Ubavuni palikuwa na mikwaruzo ya tupa, kuanzia juu hadi chini; ilikuwa pistoni kuukuu ya gari la aina nyingine, iliyokwanguliwa kwa mkono ili iingie kwa nguvu. Chuma cha namna hiyo kikishapata moto wa mlimani hutanuka na kushika. Mambo hayo alikuwa amefundishwa na Lwakatare mwenyewe.

"Yake iko wapi, baba mdogo?"

Fundi aliketi, akafunga shati vizuri ili asivunje maua.

"Haisi ya kwaya ilikuwa imeharibika," alisema. "Tulialikwa kuimba Bukoba Jumapili ile. Injini zile ni za aina moja. Nikachukua moja tu, nikasema nitairudisha nikipata nyingine."

"Na lubisi?"

"Mtu alishakufa, mwanangu. Mwenye jina la kulinda ni aliye hai."

Kokuhirwa alilia hapo hapo, mikono ikiwa na grisi, asiweze hata kujifuta. Ilimuuma kuliko kifo chenyewe, kwa sababu kifo hakikuwa kimemshika mkono kumfundisha kukaza nati.

Kahawa ya kitovuni ilipoiva, Kokuhirwa na mama yake waliifunga pistoni katika khanga wakaipeleka kwa mchungaji na wazee wa kanisa. Lwakatare naye alikuwepo, kwa kuwa ni mzee. Alikuwa ameichuma kahawa yake, akaichemsha na majani yake na kuianika kama inavyofanywa siku zote, na sasa aliipitisha kwa wageni katika kijikapu. Watu walitafuna. Mmoja alisema kila tunda lina punje moja tu badala ya mbili, lakini ladha ni nzuri.

Paskazia alieleza yote, ya pistoni na ya omukago, na Lwakatare hakukataa neno hata moja. Alitubu palepale, akasamehewa. Kisha wazee wakarudi kwenye habari ya marehemu, wakaona kwamba kama kweli alikula omukago, basi hilo ni jambo la kipagani, na marehemu hana tena namna ya kutubu. Kwaya isingeweza kumwimbia. Mchungaji alisema hayo kwa upole, akamrudishia Paskazia khanga yake ikiwa imekunjwa. Paskazia alisema kwa heshima, "Asante, waitu," kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Kokuhirwa hakuondoka gereji. Hakuna gereji nyingine iliyokuwa tayari kumpokea mwanamke, na kazi alikuwa ameanza kuiweza. Kabla ya Pasaka ililetwa Haisi ya kwaya kubadilishwa ringi, akapewa yeye. Pistoni ya tatu ilitoka kwa mkono tu, bila nyundo. Ndani ilikuwa na herufi P, mkia wake umepinda, kama ilivyopinda kwenye mpini wa jembe la nyumbani. Aliishika mpaka ikapata joto la kiganja. Kisha akaiosha, akaipaka oili, akairudisha mahali pake, akakaza nati kwa nguvu inayotakiwa.

Jumapili alikuwa na mama yake wakipalilia kaburi, Kishanda, Haisi ilipopita barabarani imejaa kwaya.

"Inapanda vizuri," Paskazia alisema.

"Ni baba huyo, mama."

"Nimemsikia."

Gari lilipanda mlima ule bila kukohoa, likaenda kuimba kwenye msiba wa mtu mwingine.