Mbio Zilizokatizwa na Ngurumo

Mwashi alihudhuria siku ya michezo akiwa na azimio moja: shule ikivunja ahadi yake, angeondoka na bintiye jioni hiyo hiyo, asirudi tena.

Mwaka uliotangulia, radi ilimuua mwanawe, golikipa, chini ya mkaratusi uliokuwa kando ya uwanja huu. Desturi ya shule ilikuwa kwamba mchezo haukimbii wingu. Wachezaji hujibanza mtini, mvua ikipungua wanaendelea. Desturi ile iliwekwa na watu wenye fahari, na fahari isiyo na akili huzika watoto.

Baada ya msiba, mkaratusi ulikatwa na kizuia radi kikasimikwa juu ya bwalo. Sheria nayo ikatungwa, wazazi wakaahidiwa kwamba itafuatwa: yeyote atakayesikia ngurumo, awe mwalimu au mwanafunzi aliyeingia jana, ainue mikono miwili, na uwanja wote uingie bwaloni. Lakini mwashi alijua kwamba ukuta husifiwa baada ya masika, si siku ya kupakwa rangi.

"Shemeji, mbona umekaa kama hakimu?" aliuliza ndugu wa mkewe, mwenyeji wa hapo, aliyeketi naye.

"Kwa sababu nimekuja kuhukumu."

"Basi hukumu ukitabasamu. Mtazame mpwa wangu anavyowalisha watu vumbi."

Kweli, binti alikuwa mbele katika mzunguko wa mwisho, na rekodi ya shule ilikuwa mikononi mwake. Mwalimu wa michezo alikodolea macho saa yake. Jua lilikuwa kali.

Ndipo ng'ambo ya vilima ikatoka sauti, hafifu, kama meza nzito inayoburutwa katika chumba cha mbali. Mwashi aliihisi mbavuni kabla ya masikio. Alitazama jukwaani, mgeni rasmi alikuwa akicheka na mkuu wa shule. Hakuna aliyesikia. Mwashi akasimama ainue mikono, lakini alikuwa amechelewa.

Binti alikwisha kusimama. Utepe ulikuwa mbele yake, naye amesimama wima, mikono miwili juu. Mpinzani wake, mgeni wa shule jirani, alimfikia, akamtazama usoni, naye akasimama, akainua yake.

Mikono ikapanda uwanja mzima.

"Mama Mkuu, jua lote hili?" alilalamika mgeni rasmi. "Si wangemaliza tu? Dakika moja."

"Mheshimiwa, hata mwaka jana tulitaka dakika moja," alijibu mkuu wa shule, akiwa amekwisha kuinuka. "Tafadhali, ndani."

Mwalimu wa michezo alisimamisha saa, akaitia mfukoni bila kuisoma.

Watoto mia sita waliketi sakafuni, mbali na madirisha. Nje, tufani ilipita nyuma ya vilima kwa ukubwa wa kutisha. Umeme uliwasha mawingu kutoka ndani, yakaonekana kama milima mingine juu ya milima. Uwanjani halikudondoka hata tone. Mwashi alitafuta uso mmoja ulionuna, hakuupata. Alikuwa amejenga nyumba nyingi maishani, lakini hakuwahi kuona watu wakikaa kama ukuta mmoja ulionyooshwa kwa timazi.

"Radi yenyewe imetukimbia," alinong'ona shemeji, na watoto wa karibu wakaziba vinywa wasicheke.

Binti alikuja akaketi miguuni pa baba yake, jasho likimtiririka.

"Umeudhika, Baba? Ningeshinda."

"Uliisikiaje, mwanangu, nawe unakimbia?"

"Huwa naisikia kabla ya wenzangu. Tangu mwaka jana."

Mwashi aliweka kiganja chake kigumu juu ya kichwa cha binti. Kisha akamgeukia mwalimu wa michezo.

"Mwalimu, mbio hizi zinarudiwa lini?"

"Kesho asubuhi, Mungu akijalia."

"Basi mimi nitalala kwa shemeji."

"Mwenye nyumba hajaulizwa," alisema shemeji, huku akisogea kando ampishe binti nafasi ya kuegemea.